Ukuta wa Mama Tausi Uliolowa Kiangazi

Ninyi mnaoshika brashi siku hizi, hebu niambieni: ukuta unalowaje kuanzia juu, kiangazi, chini ya bati lisilo na tundu hata moja? Mimi niliulizwa swali hilo Mikumi, na mama mmoja aliyekuwa na unga mpaka kwenye viwiko. Nilikuwa nimepaka rangi nyumba za watu miaka mingi, Kilosa mjini na vijiji vyake, na nilikuwa na jibu kabla sijaingia chumbani.

"Ni bomba," nilisema.

"Bomba gani, fundi? Nyumba hii haina bomba. Maji tunachota kwa madumu."

Ndivyo ilivyoanza. Ninawaandikia ninyi mambo haya kwa sababu magoti yamenistaafisha, na kwa sababu kila fundi kijana ninayekutana naye ananiuliza rangi gani inazuia ukungu. Hilo swali ni la mwisho, si la kwanza. La kwanza ni: maji yametoka wapi? Na hilo la kwanza, nikiri mapema, mara nyingi limenishinda.

Shule niliachia darasa la tano. Dirisha la darasa letu lilitazama barabara, na mimi nilitazama dirisha. Tangu hapo sikukaa mahali. Nimebeba magunia kwenye shamba la mbegu Kilangali, nimeosha malori Mikumi, nimechimba vyoo Kisanga, na katikati ya hayo nikaokota kazi ya rangi kama mtu anavyookota sufuria iliyodondoka kwenye gari: ilikuwa ya mwingine, lakini hakurudi.

Mwingine huyo alikuwa Mzee Mloka wa Kilosa, aliyenifundisha. Mzee Mloka akiitwa kwenye chumba chenye ukungu, haongei. Anaomba stuli, anakaa katikati ya chumba, anaomba maji ya kunywa, anakunywa taratibu kama yuko kwa shemeji yake. Wenye nyumba wanaanza kukosa raha. Kisha anauliza: "Mnalala vichwa upande gani?" Watu walidhani ni mambo ya uganga. Yeye alikuwa anataka tu kujua kitanda kinakaa wapi, maana ukungu unapenda nyuma ya kitanda, nyuma ya kabati, nyuma ya kila kitu kilichosukumwa mpaka kikagusa ukuta na kunyima hewa njia.

Lakini hata yeye alipotea. Kuna mwalimu mmoja mstaafu, ukuta wake wa nyuma ulikuwa mweusi kama sufuria. Mzee Mloka akaapa maji yanatoka ardhini. Tukachimba mtaro kuzunguka nyumba nzima, tukajaza mawe, mgongo ukaniuma mpaka nikasahau jina langu. Ukungu ukarudi. Siku moja mke wa mwalimu alisogeza kitanda ili atafute hereni iliyodondoka, akasahau kukirudisha, na ukuta ukakauka wenyewe. Mzee Mloka alicheka mpaka akakaa chini, juu ya mawe ya mtaro aliouchimba mwenyewe.

Basi mimi nilipofika kwa Mama Tausi nilifanya kama Mzee Mloka. Nikaomba stuli. Nikaomba maji.

"Maji ya kunywa au ya kupima?" Mama Tausi akauliza.

Alikuwa anauza chapati na chai kwa madereva wa malori pale wanapoegesha kando ya barabara kuu ya Iringa. Chumba chake kilikuwa nyuma tu ya maegesho, kimoja kati ya vyumba vinne vya kupanga vilivyojengwa mstari mmoja. Alfajiri anatoka na beseni lake, hatua chache, yuko kazini. Binti yake, Tausi, alikuwa darasa la pili, mwembamba, na kifua chake kilikuwa kinapiga filimbi. Akivuta pumzi, ngozi ya shingo inaingia ndani. Zahanati walimwambia mama yake mtoto asilale kwenye chumba chenye ukungu. Mama Tausi akaenda kwa mwenye nyumba, Mzee Kobelo, kumwomba atengeneze ukuta. Mzee Kobelo akamjibu kwamba ukungu ni wa kwake yeye, mpangaji. "Unapika ndani. Mvuke wa chai yako ndio unaooza ukuta wangu. Mwisho wa mwezi unipishe."

Kwa hiyo mama huyu aliniita kwa mambo mawili. Mtoto apumue, na yeye asihame. Vyumba vingine alivyoviona vilikuwa mbali na malori, na dereva mwenye njaa hafuati chapati mtaani.

Nikautazama ukuta. Ulikuwa umelowa juu, chini ya silingi bodi, na ukungu ulishuka kama ndevu. Chini palikuwa pakavu, isipokuwa doa dogo kwenye kona ya mlango. Maji ya ardhini yanapanda, hayashuki. Maji ya mvua yanashuka, lakini ilikuwa Julai, baridi kavu, vumbi mpaka kwenye kope. Nikapanda juu ya bati. Zima. Nikarudi chini nimechanika suruali na sijui kitu.

Hapa nisimame kidogo niwape mnachoweza kubeba.

Kabla ya yote, hakikisheni ni ukungu. Kuna ule unga mweupe unaotoka ukutani kama magadi. Ukiusugua kwa kidole unasagika, ukiutia maji unayeyuka. Hiyo ni chumvi ya ukuta. Ukungu ukiusugua unapaka kidole, unateleza kidogo, na una harufu ya nguo zilizosahauliwa kwenye beseni. Ukungu msiukwangue mkavu, mtaula kwa pua. Uloweshe kwanza, funga kitambaa puani, fungua dirisha, mtoe mtoto nje. Dawa ya kung'arisha nguo nyeupe iliyochanganywa na maji inafaa, lakini msiichanganye kamwe na dawa ya chooni wala siki. Mwenzangu mmoja alichanganya akidhani nguvu mbili ni bora kuliko moja, tukamtoa chumbani kwa kumburuta miguu. Na rangi ya mafuta juu ya ukuta wenye maji ni kumfunika mgonjwa blanketi la nailoni. Itavimba, itapasuka. Chokaa ni bora, ukuta unapumua.

Haya yote nilimfanyia Mama Tausi. Nikaosha, nikaacha pakauke, nikapaka chokaa safi. Chumba kikang'aa. Tausi akasema kinafanana na kanisa. Wiki haikuisha, ndevu zikarudi.

Nikajaribu nailoni. Mnakata kipande cha nailoni, mnakibandika ukutani kwa gundi ya karatasi pande zote nne, mnakiacha. Kikilowa upande wa ndani, unaogusa ukuta, maji yanatoka ukutani. Kikilowa upande wa nje, maji yanatoka kwenye hewa ya chumba. Ni kipimo kizuri, hakijawahi kunidanganya. Cha Mama Tausi kililowa pande zote mbili. Nikakaa kwenye stuli nikakitazama kama mtu aliyetumiwa salamu na asiyemjua.

"Ina maana gani?" akauliza.

"Ina maana maji ni yako, na ni ya Mzee Kobelo pia."

"Fundi, nimekuita uwe upande wangu."

Akaamua mwenyewe. Akatoa jiko nje, na mkaa, na birika, akawa anapikia kwenye baridi amejifunga kanga mbili, madereva wanamtania: "Mama Tausi, leo umehamia mbugani?" Hakupika ndani hata uji. Ukuta ukazidi kulowa. Alikwenda kumwambia Mzee Kobelo hivyo, akajibiwa kwamba mvuke wa zamani bado umo ukutani. Mwezi ulikuwa unakwisha, na kifua cha Tausi kilikuwa kinasikika ukiwa nje ya mlango.

Sasa, chumba kina majirani. Upande wa kulia alikuwa utingo mmoja ambaye muda wote yuko safarini, ukuta wake mkavu. Ukuta unaolowa ulikuwa wa kushoto, na kushoto kulikuwa na mlango wenye kufuli. Mzee Kobelo alitueleza siku ya kwanza kabisa: "Hicho kina vitu vya marehemu mdogo wangu, Elia. Ndugu hawajakaa." Maana yake ukoo bado haujakutana kugawana vitu vya marehemu. Ninyi mnajua mambo haya. Mtu akisema hivyo, sauti zinashuka. Hakuna anayeuliza ndani kuna nini, hakuna anayechungulia. Mimi mwenyewe nilikuwa nikipita pale navua kofia. Nilitafuta maji angani, ardhini, batini, kwenye birika la mama wa watu, lakini nyuma ya mlango ule sikuyatafuta, wala wazo lenyewe halikunijia.

Siku moja asubuhi nikapanda juu ya meza ya chapati, nikasukuma kipande cha silingi bodi cha kona, nikaingiza kichwa. Mama Tausi alishika meza. Mle juu, nikiwa na tochi ya simu, niliona upande wa chini wa bati umejaa vitone, vimejipanga, vinang'aa, vinadondoka kimoja kimoja juu ya kichwa cha ukuta. Bati la baridi, hewa ya moto inaligusa, maji yanazaliwa. Hapo nikaona pia kwamba ukuta wa kati haukufika kwenye bati. Uliishia juu kidogo ya silingi bodi, na baada ya hapo ni uwazi mtupu. Upande wa pili hakukuwa na silingi bodi kabisa.

Nikanyoosha mkono, nikaupitisha juu ya ukuta. Ulipokelewa na joto, kama pumzi ya ng'ombe.

"Umeona nini?" Mama Tausi akauliza kutoka chini.

"Sijui. Vitu vya marehemu vina joto."

Meza ikatikisika. "Fundi, shuka."

"Subiri."

"Shuka nimesema! Mimi nina mtoto."

Sikushuka kwa sababu nilikuwa nanusa. Harufu ile niliijua na sikujua naijua wapi. Ilikuwa tamu na chungu pamoja, kama pombe inayoanza. Nikafumba macho. Nikajiona Kilangali, kijana, gunia begani, na mtunza ghala amechomeka mkono katikati ya magunia, anafoka: "Nani kaleta mpunga mbichi? Huu una homa!" Mpunga usiokauka ukifungwa kwenye magunia unapata joto wenyewe, unatoka jasho, na ukiachwa unaoza. Pale Kilangali tuliyapanga magunia juu ya mbao, mbali na kuta, kila siku, mpaka nikaota mbao. Na miaka yote niliyopaka rangi sikuwahi kufikiri kwamba chakula nacho kinaweza kulowesha nyumba.

Nilimkuta Mzee Kobelo barazani kwake anamenya karanga.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Amehama?"

"Bado. Mzee, kuhusu chumba cha marehemu."

"Umekifungua?"

"Sijakifungua. Nimepitisha mkono kwa juu."

"Mkono ni wa nani?"

"Wangu, mzee. Ndiyo maana nimekuja kusema." Nikakaa chini, maana haifai kumwambia mtu mzima jambo kama hilo umesimama. "Mle ndani una mpunga. Tena ulivunwa mbichi."

Akaendelea kumenya. Akamenya nyingi. "Nani kakwambia?"

"Unanuka wenyewe. Na ni wa moto, mzee. Unaharibika."

Hapo mikono yake ikasimama. Akanieleza kwa sauti ya chini, akitazama barabara. Wafugaji walikuwa wamesogeza ng'ombe karibu na shamba lake la Kilangali, yeye akaogopa, akaukata mpunga kabla haujakauka vizuri. Nyumbani Kisanga hakuupeleka, kwa sababu dada yake na watoto wa dada yake husikia harufu ya mavuno kabla ya kuku. Akawaambia ndugu wote kwamba ng'ombe wamekula shamba. Akaja na lori jioni, akapanga magunia kwenye chumba cha Elia, mpaka yakagusa ukuta. "Nikivuna, ukoo wote ni wangu," alisema. "Nikipalilia, sina hata binamu."

"Sasa mzee, ukiuacha humo hautakuwa wa ukoo wala wako."

Akasimama kuchukua ufunguo.

Alipofungua mlango, mvuke ulitoka kabla yetu sisi kuingia. Magunia yalikuwa yamefika kimo cha mtu. Nilidhani atakimbilia magunia. Hakuyagusa. Msumarini, nyuma ya mlango, lilining'inia koti la Elia, koti la sufu la kaki, na lote lilikuwa limeota manyoya ya kijani, mabega, mifuko, kola. Akaushika mkono wa koti kama anayemsalimia mtu. "Alilinunua Iringa," alisema. "Alikuwa anasikia baridi sana huyu." Akalitoa nje mwenyewe, akalianika, ndipo akarudi kwenye mpunga.

Kuficha hakukuwezekana tena. Mpunga wenye homa hauponi mpaka umwagwe juani, na uwanja pekee wenye jua ulikuwa ule wa mbele ya vyumba, wazi kwa barabara kuu nzima. Tukatandika maturubai. Mama Tausi akavua viatu, akaingia juu ya mpunga kuugeuza kwa miguu, anachora mifereji, anafukuza kuku. Hakuna aliyemwomba. Tausi alikaa mlangoni na kuhesabu malori.

Habari Mikumi hazihitaji gari. Kesho yake dada yake Mzee Kobelo alishuka kwenye bodaboda kutoka Kisanga, magunia matupu yamekunjwa kwapani.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba."

Akauzunguka mpunga wote, polepole, mikono nyuma. "Kaka, ng'ombe wa Kilangali siku hizi wanavuna? Tena wanafunga magunia?"

Watu wakacheka mpaka upande wa pili wa barabara. Mzee Kobelo akatazama koti la mdogo wake kwenye kamba. Mama Tausi akasimama katikati ya mpunga, jasho usoni, akaona hiyo ndiyo nafasi yake. Akauliza kwa heshima, lakini kwa sauti ambayo dada mtu aliisikia vizuri:

"Mzee, mwisho wa mwezi niondoke au nisiondoke?"

Kuku mmoja akapanda turubai.

"Geuza mpunga huo," Mzee Kobelo akasema. "Kuku wanakuja."

Hilo ndilo lilikuwa jibu. Hakuondoka. Ukuta ulikauka, ndevu hazikurudi, nikapaka chokaa mara ya mwisho. Kifua cha Tausi kilitulia, ingawa siku za vumbi bado kilimbana, na mimi si daktari wa kusema kilitulia kwa ajili ya nini. Lakini lile doa dogo la kona ya mlango, lile la chini, halikuondoka. Halikuwa la mpunga, halikuwa la mvua. Nimelitafakari sana. Sijui.

Ndugu walikaa mwishowe. Dada alichukua baiskeli ya marehemu na baadhi ya magunia, Mzee Kobelo akabaki na koti, na chumba kikabaki kitupu. Magoti yalipokataa ngazi, mimi ndiye niliyekipanga. Ndiyo, niliyezunguka wilaya nzima sasa ninalala kwa Elia.

Na mwaka huu ukuta wangu umeanza kulowa. Kuanzia juu.

Nimefanya yote niliyowaambia. Nimesogeza kitanda. Nimebandika nailoni. Kijana mmoja fundi, mwerevu sana, alikuja na kile kipimo chenye sindano mbili kinacholia. Akakichomeka ukutani, kikalia. Akakichomeka mlangoni, kikalia. Nikampa kiganja changu, kikalia pia. "Mzee, kila kitu hapa kina maji," akasema, akaondoka ameridhika. Kipimo nimekipenda, ningekuwa na umri wake ningenunua. Lakini hakikuniambia maji yametoka wapi.

Juzi Mama Tausi aliniletea chapati, yeye na Tausi, ambaye sasa yuko kidato cha pili na ananipita kimo. Mama mtu akautazama ukuta, akashika kiuno.

"Babu, wewe unapika ndani?"

"Sipiki. Nakula kwako."

"Basi unaanika nguo. Mwisho wa mwezi utupishe."

Akacheka sana. Tausi hakucheka. Alikuwa anatazama juu, pale ukuta unapoishia kabla ya kufika kwenye bati. Akavuta stuli, akapanda, akanyoosha mkono, akaupitisha juu ya ukuta kuelekea chumbani kwao. Kile kipande cha silingi bodi cha kona ya kwao nilichokisukuma siku ile, sikumbuki kama niliwahi kukirudisha sawasawa.

"Mama," akasema, "mbona kuna joto?"

Mama Tausi akaacha kucheka. Tangu baridi ya mwaka huu ianze hakuwa amepikia nje, hilo nililijua, maana harufu ya vitunguu hunifikia kitandani. Basi Mzee Kobelo alikosea siku zile, au alikosea nusu tu? Na lile doa la kona? Nilikuwa na kichwa kimejaa maswali na mkono umejaa chapati. Mama Tausi alinitazama, binti yake akanitazama, wote wawili wanasubiri fundi aseme.

"Ni bomba," nikasema.